Nyusi za Dalali

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni na ufagio mkononi. Nje, shemeji yangu alikuwa amesimama mbele ya gari la mizigo lenye godoro nyuma, akinitangazia kwa sauti ya jukwaani kuwa amekuja kumchukua ndugu yake. Wengi wenu mmeniuliza kwa nini sikumtandika. Nilitaka sana. Lakini mlango wa pili wa gari ulifunguka, akashuka mama mkwe, nami nikageuza ufagio na kujifanya nafagia kizingiti.

Kwa anayeanza leo, nitasema kwa mkato. Mume wangu ni dalali wa mnada. Alikuwa akiuza vitu vya nyumbani vilivyotumika: makabati, majokofu, vitanda vya watu waliohama. Hata mimi mkewe humwita Dalali. Mdomo wake ulikuwa unakimbia mpaka watu wananunua viti vyenye miguu mitatu huku wakicheka.

Mimi nilikuwa msaidizi wake. Kazi yangu ilikuwa kusimama pembeni na kutazama nyuso, kwa sababu mnunuzi mzoefu hapigi kelele. Akitaka kitu anainua nyusi tu, jirani asijue. Mimi nikiona, nampa Dalali ishara kwa jicho. Tulikula kwa kazi hiyo na tukapendana humo humo.

Kisha ulimi wake ukaanza kuwa mzito katikati ya mnada. Watu wakasema amelewa. Baadaye vidole vikashindwa kushika nyundo, miguu ikafuata. Mliisoma habari ya waganga, kufa kwa kazi yetu, na yule mzee aliyetupaka mafuta yanayonuka samaki, sina nguvu ya kuirudia.

Daktari wa neva alitueleza kwa Kiswahili cha kawaida. Neva zinazopeleka amri kutoka ubongoni kwenda kwenye misuli zinakufa kidogo kidogo, na msuli usiopata amri unanyauka. Ugonjwa huu hauambukizi. Hakuna aliyemroga. Dawa ya kuuondoa haipo, ipo ya kuuchelewesha kidogo. Kwa wengi akili inabaki nzima, masikio yanasikia, na macho ndiyo yanayokaa mpaka mwisho.

Kwa hiyo Dalali wangu sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu, kichwa kimeegemezwa mto, mwili hausogei wala hasemi. Lakini nyusi zinapanda. Zikipanda ni ndiyo. Akifumba macho ni hapana. Akitaka neno, ninamtajia herufi, nilizozigawa katika mafungu matano, kama tulivyokuwa tukipanga bidhaa za mnada juu ya meza. Nauliza, "Meza ya kwanza? Ya pili? Ya tatu?" Nyusi zikipanda, naanza kutaja herufi za meza hiyo mpaka zipande tena.

Na asubuhi ya kufuata baada ya siku hiyo ninayowasimulia, tulikuwa na nafasi hospitali. Awekewe mrija wa kulishia tumboni. Chakula kilikuwa kinamponyoka na kuingia njia ya hewa, na amekonda mpaka pete ya ndoa naivaa mimi. Daktari alisema kazi hiyo ifanywe kifua kikiwa bado na nguvu, tukichelewa haitawezekana tena kwa usalama.

Hapo ndipo shemeji alipopata habari, akaja na godoro.

Aliingia akakaa kwenye kiti changu. Huyu ni kaka mkubwa wa Dalali, muuza mabati na saruji, na ukoo mzima humwita Mheshimiwa kwa sababu hawezi hata kuomba chumvi bila kutoa hotuba.

"Shemeji," alisema, "hatukuja kwa shari."

"Godoro ni la nini?"

"Tulia. Kila jambo lina utaratibu wake."

Akatoa simu, akasimama mbele ya Dalali, akaanza kumpiga picha za video. Wala hakumsalimia. Alisogeza simu mpaka karibu na kidevu, pale mate yanapotiririka, akasema kwa ile sauti yake, "Ndugu zangu mlio mbali, hii ndiyo hali halisi."

Nilichukizwa. Si kwa sababu ya mate. Ni kwa sababu ya lile jicho moja la Mheshimiwa alilolifumba ili apate picha nzuri.

Nilichukua kitambaa nikafunika simu. "Mpigie picha mama yako."

"Shemeji!" mama mkwe aling'aka, kisha akakumbuka mimi si shemeji yake. "Wewe mwanamke!"

Mpaka leo sijui kama alikasirika kwa ajili ya mwanawe mwenye simu au kwa ajili yake mwenyewe. Simu ilianza kulia tin, tin, tin. Picha zilikuwa zimeshafika kwa ukoo, nao ulikuwa unatuma pole.

Wakati huo mlango uligongwa. Akaingia mwanamke mnene, mchangamfu, amebeba mfuko wa sokoni ambao ndani yake kuna mashine. Nilikuwa nimesahau kabisa kuwa siku hiyo angekuja.

Nimewahi kumtaja. Ni mama wa kikundi. Mumewe alikufa kwa ugonjwa huu huu, na baada ya msiba akaanza kukusanya familia nyingine zenye mgonjwa kama wetu. Kikundi chao hakina ofisi. Kina viti vya magurudumu, mito, na mashine ndogo ya kunyonya mate na makohozi, na vitu hivyo vinazunguka nyumba kwa nyumba. Kiti cha Dalali kimetoka kwa marehemu fulani aliyekuwa fundi rangi. Kwenye mkono wa kiti bado kuna tone la rangi ya kijani.

Nilikwenda kwenye mkutano wao mara moja. Nilidhani tutalia. Mwanamume mmoja alisimama akasema, "Mimi nikimsafisha mke wangu naimba kwa sauti, nisitapike." Watu wakacheka mpaka mwingine akaanguka kutoka kwenye kiti. Mimi sikucheka. Niliinamisha kichwa, kwa sababu mpaka siku hiyo nilidhani niko peke yangu.

Basi leo nitasema, maana nimewaambia mengi na hili nimelificha. Kinyaa ninacho. Mate yale mazito yanayovutika kama gundi, yanayonuka asubuhi, yakinigusa mkononi nasisimka. Nikimfuta nageuza uso kidogo, nikijitia natazama dirisha. Nampenda, na nasikia kinyaa. Vyote viwili vinakaa ndani ya kifua kimoja na kila kimoja kinakisukuma kingine.

Mama wa kikundi alisalimia wote, kisha akaenda kwa Dalali akainama mpaka macho yao yakawa sawa. "Shikamoo ya mtu mzima nitakupa siku ukinizidi umri. Habari yako, Dalali?" Nyusi zikapanda. Mheshimiwa akamtazama kana kwamba amelisalimia kabati.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni mtu aliyekwisha kupita huku," nikajibu.

"Hiki ni kikao cha familia."

"Basi nitakaa kimya," mama wa kikundi akasema, akakaa. Hakukaa kimya hata kidogo.

Mheshimiwa alisimama. Nawaapia, alisimama ndani ya chumba chenye watu wanne na mgonjwa, akafunga kifungo cha koti.

"Katika ukoo huu," alianza, "hajawahi kutokea mwanamume wa kutobolewa tumbo akalishwa kwa tundu. Sisi tunatambua juhudi za shemeji. Lakini marehemu..."

Akajishika mdomo.

"Samahani. Mgonjwa."

Nilimtazama Dalali. Macho yake yalikwenda kushoto, yakarudi. Nikacheka kwa nguvu, mama mkwe akanikodolea macho kana kwamba mimi ni mwendawazimu. Hawajui. Pale mnadani Dalali akitazama kushoto alikuwa ananiambia kuwa yule anayepandisha bei hana nia ya kununua, amewekwa tu kuchochea wengine. Kwa hiyo alikuwa ananiambia nisitishike. Kaka yake hakuja kumchukua. Lile godoro lilikuwa la kunipandishia bei.

Nikapata ujasiri. "Mheshimiwa, unataka kumpeleka kwako? Chukua. Nguo zake zile pale. Anageuzwa ubavu mara kwa mara, hata usingizini. Anasafishwa mdomo kila baada ya kula. Choo nitakuonyesha sasa hivi jinsi anavyosaidiwa. Vua koti."

Mheshimiwa alilishika koti lake. "Sikusema leo."

"Ulikuja na godoro!"

"Nilisema kuna utaratibu." Akameza mate. "Ninachotaka ni kesho msiende hospitali. Basi."

"Afe kwa njaa?"

"Nani kasema ana njaa? Anakula. Ninyi wanawake mnamdekeza. Mtu mzima analishwa vitu vizito kwa kijiko kama mtoto mchanga. Hebu leteni maji."

Nilimwambia asithubutu. Mama wa kikundi pia alimwambia, akainuka, akamweleza kwamba maji ndiyo mabaya kuliko vyote, yanakimbia kuliko koo linavyoweza kuyafuata, ndiyo maana vinywaji vya Dalali tunavifanya vizito, na kidevu tunakishusha kifuani anapomeza. Wakati anaeleza, mama mkwe alikuwa ameshamimina glasi. Mama ni mama. Alikuwa anataka kumwona mwanawe akinywa maji.

Mheshimiwa akamshika Dalali kidevu, akamwinua kichwa nyuma, akamimina.

Sitawaeleza kila kitu. Alibadilika rangi. Hakukohoa kwa sauti, kwa sababu hata kukohoa kunahitaji misuli. Kilitoka kitu kama mluzi kifuani na macho yakamtoka. Nilimsukuma Mheshimiwa akaangukia kabati. Tukamwinamisha Dalali mbele, mama wa kikundi akachomeka mashine, akaingiza bomba mdomoni, na ile mashine ikaanza kunguruma na kunyonya.

Kwenye chupa yake yaliingia maji, povu, na vipande vya njano vilivyokuwa vimeganda kooni tangu siku nyingi. Harufu ilijaa chumba. Mama mkwe aligeukia ukutani. Mheshimiwa, mtu wa mabati na saruji, alitoka mbio mpaka uani nikamsikia akitapika kwenye beseni langu la kufulia.

Mimi nilishika kichwa cha mume wangu na kutazama dirisha.

Alipotulia, mama wa kikundi alizima mashine, akaenda kumwaga chupa na kuiosha, akarudi anajifuta mikono. Kisha akaniuliza swali nililolichukia kuliko yale maji.

"Yeye mwenyewe anasemaje kuhusu mrija?"

"Anataka."

"Alikwambia?"

"Mimi ni mkewe."

"Najua, mwenzangu. Nakuuliza kama alikwambia."

Nilianza kukasirika, kisha nikajaribu kukumbuka. Daktari alipoeleza habari ya mrija alinitazama mimi. Alipouliza mnasemaje, mimi ndiye niliyejibu. Nyumbani nilimwambia Dalali, "Tunakwenda hospitali, umesikia?" Nyusi zikapanda. Kusikia alisikia. Kumuuliza, hakuna aliyemuuliza. Nilikuwa nimemtetea kwa majirani na kwa waganga na kwa ukoo wake wote, kumbe nami nimemfanya kabati.

Mheshimiwa alirudi, mdomo una unyevu, koti limefunguka. "Tumuulize kwa njia gani? Hasemi."

"Anasema," nikajibu. "Kwa nyusi."

"Nyusi!" Akacheka kicheko kibaya. "Shemeji, wewe unasoma unachotaka. Ukitaka zipande zinapanda. Hata mimi naweza kusema ndugu yangu ananiambia ataniachia kiwanja."

"Basi nijaribu."

"Nikujaribuje?"

"Mimi nitoke. Mwambie kitu sikioni, chochote kile, mimi nisikie hata kidogo. Nikirudi atanitajia. Nikikosea, kesho hatuendi popote."

Nilisema hivyo kwa hasira, na nilipokwisha kusema nikatamani kuyarudisha maneno hayo. Lakini Mheshimiwa alikuwa ameshakubali. Alifurahi. Mama mkwe alinishika mkono akanipeleka jikoni kunilinda nisidukue, akafunga mlango.

Tukasimama pale kati ya jiko na ndoo.  Kwa mara ya kwanza tangu anifahamu hakutafuta vumbi juu ya kabati langu.

"Yale maji nilimimina mimi," akasema.

"Najua, Mama."

"Alipozaliwa huyu, alilia mpaka wakunga wakasema ana mapafu ya punda. Sasa hata kukohoa hawezi?"

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumfukuza nyumbani kwangu. Sikufanya lolote, nikampa kitambaa cha vyombo akafuta macho.

Mheshimiwa alituita. Alikuwa amekaa, mguu juu ya mguu, uso wa mtu aliyekwisha kushinda. Mama wa kikundi alikuwa amewekwa mlangoni ili asisikie, naye alinifanyia ishara kuwa kweli hakusikia kitu.

Nikapiga magoti mbele ya Dalali. "Tuanze?"

Hakuinua nyusi. Alimtazama kaka yake kwa muda mrefu. Nilidhani amechoka kwa sababu ya maji yale. Sasa najua alikuwa anaamua. Angeweza kufumba macho akakataa, na Mheshimiwa angeshinda kirahisi.

Nyusi zikapanda.

"Meza ya kwanza? Ya pili? Ya tatu?" Juu. "K?" Juu. Halafu A. Halafu M.

"Kama?" nikauliza. Juu.

Mheshimiwa alishusha mguu.

Tukaendelea. U, L, I, V. "Ulivyo?" Juu. "Ulivyosema?" Akafumba macho. Nikarudi mezani. N. Nikabahatisha. "Ulivyoniomba?"

Nyusi zikapanda, zikabaki juu.

"Kama ulivyoniomba," nikarudia kwa sauti. "Ndicho ulichomwambia?"

Sikuhitaji jibu. Mheshimiwa alikuwa amepauka kama saruji yake. 

Mama mkwe akasema taratibu, "Alikuomba nini?"

"Mama, hii..."

"Mdogo wako alikuomba nini?"

Mheshimiwa aliinamia magoti yake. Sauti iliyotoka haikuwa ya jukwaani, ilikuwa ya mtoto aliyevunja kitu. Alisema ilikuwa siku ile walipotoka kwa daktari mara ya kwanza, mimi nimebaki dirisha la dawa. Ulimi wa Dalali ulikuwa mzito lakini bado unaeleweka. Walikuwa ndani ya gari. Dalali akamshika mkono akamwambia, siku nikishindwa kumeza, usiwaache wanitoboe. Niache niende. Na mke wangu usimwambie.

"Akaniapisha," Mheshimiwa akasema. "Kwa kaburi la baba. Mnadhani napenda kuja hapa na magodoro? Mnadhani nilimleta yule mzee wa mafuta kwa sababu mimi mjinga? Nilitaka apone nisije nikafikishwa hapa."

Mama mkwe alimpiga kofi. Lilikuwa kofi dogo, la mkono wa mzee, lakini lilisikika.

"Umekula kiapo cha kumuua mwanangu kwa njaa?"

"Aliniomba, Mama!"

"Na video ulizotuma?" nikauliza mimi. "Na hizo alikuomba?"

 Haya zilimfika mpaka masikioni. Lakini sikupata raha niliyodhani nitaipata, kwa sababu kinyaa changu kilikuwa kimemwacha Mheshimiwa na kuhamia kwingine.

Nilimgeukia mume wangu. "Ni kweli?"

Juu.

Jamani, mimi ni mtu wa kusema, lakini hapo sina neno zuri. Nilimwona mchafu. Si wa mate, wa ndani. Mtu niliyekuwa namgeuza na kumwosha, niliyegombana kwa ajili yake na mtaa mzima, alikuwa amekaa kwenye gari akapanga kifo chake na yule mwanamume mwenye koti, na mimi nikiwa dirishani nasubiri dawa zake. Nami nilirudi, nikaingia garini, wakaniuliza kama foleni ilikuwa ndefu.

"Kwa nini yeye?" nikamuuliza. "Kwa nini si mimi? Mimi ndiye ninayekusoma!"

Mama wa kikundi aliniwekea mkono begani, nikautikisa ukaanguka. Akasema bila kukasirika, "Hilo alilisema wakati ule. Watu hubadilika. Wangu alisema hivyo hivyo mwanzoni, akaja kutaka mrija, akaishi nao, akawa anatazama mpira na kunusa kahawa niliyomwekea puani. Mwingine kwenye kikundi alikataa, akakataa mpaka mwisho, na familia wakamshika mkono. Yote mawili nimeyaona. Muulize ya leo."

 Mheshimiwa alinyanyua uso. Mama mkwe alijishika kifua.

Nikajikaza. Nilimsogelea Dalali, nikamshika mashavu kwa mikono miwili. Mate yakanigusa kiganja, nikasisimka, nikajizuia.

"Nisikilize. Ya kwenye gari nimeyasikia. Nakuuliza ya leo. Kesho ukawekewe mrija, uendelee kuwa hapa na sisi. Unataka?"

Nyusi hazikupanda.

Macho hayakufumbwa.

Alinitazama tu. Nikarudia swali, nikidhani hakusikia, ingawa alisikia. Mwishowe mama wa kikundi akanong'ona, "Anataka neno."

"Meza ya kwanza?" nikaanza. "Ya pili? Ya tatu?" Juu. "K?" Juu.

Ya pili. I.

Ya tatu. N.

Nilipofika meza ya tano na nyusi zikapanda kwenye Y, nikaacha kutaja. Kwa kawaida ningebahatisha. Kazi yangu yote ni kubahatisha mapema. Safari hii nilipiga magoti pale na mdomo wazi, sikulitamka, na ni Mheshimiwa aliyelimalizia kutoka nyuma yangu, kwa sauti ya chini.

"Kinyaa."

Juu.

"Unauliza?" nikamwambia. "Unaniuliza mimi?"

Juu.

"Kama nakuonea kinyaa?"

Juu. Zikabaki juu, paji lote limejikunja kwa jitihada, jasho linamtoka.

Kumbe lile dirisha ninalolitazama kila siku, yeye amekuwa akinitazama nikilitazama. Nani anajua nyuso kuliko Dalali? Aliwahi kuona bei kwenye kope ya mtu aliyesimama nyuma ya umati. Alikuwa ameniona tangu siku ya kwanza niliposhika kitambaa, na labda tangu ndani ya gari alijua kuwa siku hii itafika, ndiyo maana akamwapisha mwingine.

Na nilielewa anachofanya. Jibu lake kuhusu mrija lilikuwa linangoja langu.

"Mwambie hapana," mama mkwe akalia. "Mwambie hapana, mwanangu, nakusihi!"

"Usimdanganye, shemeji," Mheshimiwa akasema. "Huyo atajua."

Nilimtazama mama wa kikundi. Aliinamisha kichwa, hakunisaidia.

Ningesema hapana, angeuona uongo usoni kabla haujafika masikioni. Nilivuta pumzi. Nilikuwa na maneno mengi ya kufuata, mazuri, ya kweli, nilikuwa nayo yote tayari kwenye ulimi: kwamba kinyaa nakisikia na bado nataka kuamka kesho nikukute, kwamba yule mwanamume wa kikundi anaimba, kwamba hata mimi nitatafuta wimbo. Nilihitaji tu kuanza.

"Ndiyo," nikasema, "lakini..."

Akafumba macho.

"Dalali, sijamaliza. Fungua macho. Nisikilize, fungua macho."

Hakufungua.